Gari kukosa sailensi: maana yake na jinsi ya kumtafuta mkosaji

Gari limesimama, gia iko huru, mguu hauko kwenye mafuta, na injini inaunguruma yenyewe. Mwendo huo wa injini isiyobebeshwa kazi ndio mafundi wengi wanaouita sailensi. Usiuchanganye na sailensa, lile kopo la kwenye bomba la moshi linalopunguza kelele. Sailensi ikiwa nzuri mshale wa dashibodi unaoonyesha mizunguko ya injini hutulia, na kwa magari mengi ya petroli hutulia kati ya mizunguko 600 na 900 kwa dakika injini ikishapata moto. Asubuhi injini ikiwa ya baridi mshale hukaa juu zaidi kwa muda, na hilo si ugonjwa. Gari limekosa sailensi pale mshale unapocheza, usukani unapotetemeka mikononi, au injini inapozimika kila ukisimama.

Watu wengi hushangaa kuona tatizo linapotea wakikanyaga mafuta, wakadhani limejiponya. Halijapona. Chukua injini ya silinda nne, yaani vyumba vinne vya kuunguzia mafuta, inayozunguka mara 750 kwa dakika. Kila silinda huwaka mara moja katika mizunguko miwili, kwa hiyo huwaka mara 375 kwa dakika, kama mara sita kwa sekunde. Kwa mwendo huo wa polepole, silinda moja ikikosa kuwaka pengo lake unalihisi mpaka kwenye kiti. Ukifika mizunguko 3,000 mapigo yanafuatana kwa kasi na uzito wa flaiwili, gurudumu zito linalozunguka pamoja na injini, unalifunika pengo. Hewa nayo ina kisa chake: mguu ukiwa juu, mlango wa throto, unaopitisha hewa kwenda kwenye injini, umekaribia kufungwa na hewa inayoingia ni kidogo sana. Ufa mwembamba kwenye mpira wa hewa, ambao barabarani usingeuona, hapo unaharibu hesabu yote.

Kabla ya kununua kifaa chochote, sikiliza. Mimi naamini nusu ya kazi iko hapo, na nimeona watu wengi mno wakibadilisha plagi (inayotoa cheche), koili (inayoipa plagi umeme) na pampu ya mafuta kwa kubahatisha, gari likarudi nyumbani linatetemeka vilevile. Jiulize: injini inaruka pigo kwa mpangilio, tuk-tuk-tuk-kimya, tuk-tuk-tuk-kimya? Au inapanda na kushuka kama mtu anayehema?

Ikiruka kwa mpangilio, kuna silinda moja inayomisi, yaani inayokosa kuwaka. Mashine ya kusoma kompyuta ya gari huenda ikaitaja kwa namba ya kosa: P0301 ni silinda ya kwanza, P0302 ya pili, na kuendelea, P0300 maana yake zinamisi bila kuchagua. Huna mashine? Kwenye magari mengi, injini ikiwa inawaka, unaweza kuchomoa soketi ya nozeli (inayonyunyizia silinda mafuta) moja moja. Ukichomoa ya silinda isiyo na tatizo, mtetemo unazidi hapohapo. Ukichomoa na hakuna kinachobadilika, umeshampata mkosaji. Usiiache soketi ikiwa imechomolewa muda mrefu.

Sasa zima injini, hamisha koili ya silinda hiyo uiweke kwa jirani yake, kisha jaribu tena. Tatizo likihamia kwa jirani, koili ndiyo mbovu. Likibaki palepale, fungua plagi uitazame: ncha iliyolika, kaure yenye ufa, au mafuta ya injini yaliyoingia kwenye tundu la plagi. Plagi ikiwa safi, inabaki nozeli iliyoziba, au silinda yenyewe kupoteza kompresheni (nguvu ya kubana hewa na mafuta) kwa sababu ya valvu iliyoungua, ringi zilizochoka au gasketi ya silinda hedi. Hapo hakuna njia ya mkato, kompresheni ipimwe.

Taa ya injini ikianza kuwakawaka yenyewe, usiendelee na safari kana kwamba ni jambo dogo. Petroli isiyoungua inaingia kwenye kichujio cha moshi, inawakia humo, na kichujio hicho kikishayeyuka ndani utatamani ungelipia koili.

Injini ikihema, tafuta hewa. Throto chafu ndiyo huonekana zaidi: masizi meusi kwenye kingo za mlango, hewa haipiti sawasawa. Ya pili ni hewa inayovuja baada ya sensa ya kupima hewa, ambapo kompyuta haiioni na mchanganyiko unakosa mafuta. Namba ya kosa P0171 huenda ikatokea. Chukua kipande cha bomba la mpira, jembamba, weka ncha moja sikioni, pitisha nyingine polepole kando ya mipira yote na maungio ya manifoldi (mabomba yanayogawa hewa kwenye silinda), mbali na feni na mikanda. Penye ufa utasikia mluzi. Mwenye mashine aangalie kiasi cha mafuta ambacho kompyuta inaongeza: kikiwa juu gari likiwa kwenye sailensi, kisha kikashuka karibu na sifuri kwenye mizunguko 2,500, hewa inavuja. Sensa ya hewa ikiwa chafu, tumia dawa yake maalumu. Dawa ya kabureta inaweza kuiua.

Kuna valvu ya EGR pia, inayorudisha moshi kwenye injini. Ikikwama wazi, silinda zinavuta moshi wakati zinahitaji hewa safi. Na kama mshale umetulia kabisa lakini mwili wa gari unatetemeka, hasa ukiweka gia ya D huku umekanyaga breki, injini haina kosa: angalia mauntini zilizochoka, yaani mipira inayoishikilia injini kwenye gari.

Ukishasafisha throto usishtuke sailensi ikipanda. Kompyuta ilikuwa imezoea uchafu, na magari mengine yanahitaji kufundishwa upya kwa utaratibu ulioandikwa kwenye kitabu chake.