Kufuata nyayo za programu kubwa

Ninapokabidhiwa mfumo wenye mamia ya maelfu ya mistari ya msimbo, sianzi kwa kuusoma, bali kwa kufuata nyayo zake, yaani rekodi ya yale ambayo programu iliyafanya ilipoendeshwa. Msimbo hueleza yote yanayoweza kutokea, ilhali ninachotaka kujua ni kilichotokea mtumiaji alipobonyeza kitufe fulani. Tena pale ambapo funksheni (kipande cha msimbo chenye jina na kazi yake) ya kuitwa huamuliwa programu ikiwa tayari inaendeshwa, kusoma pekee hakuwezi kukuonyesha ni ipi itakayoitwa.

Kwenye Linux huanza na strace, zana ambayo huandika kila ombi linalotoka kwenye programu kwenda kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Wakati fulani seva ilikuwa ikipuuza kila badiliko nililoliweka kwenye faili ya mipangilio, hadi nilipouona mstari huu:

openat(AT_FDCWD, "/opt/huduma/mipangilio.conf", O_RDONLY) = 3

Hiyo 3 ni namba ambayo kerneli imeipa faili, na maana yake imefunguka (namba 0, 1 na 2 kwa kawaida huwa zimeshachukuliwa), nami nilikuwa nikihariri faili yenye jina hilohilo iliyoko ndani ya folda ya /etc, ambayo programu haikuigusa hata mara moja. Asubuhi nzima ilikuwa imepotea bure.

Strace husimamisha programu mara mbili kwa kila ombi, linapoingia kwenye kerneli na linapotoka, kwa hiyo siiwashi kwenye seva iliyoelemewa na kazi. Wala haioni funksheni za ndani ya programu yenyewe. Kwa hizo huikompaili programu upya (huitengeneza tena kutoka kwenye msimbo wake) kwa chaguo la -pg, linaloiwezesha kufuatiliwa kila inapoingia kwenye funksheni, na kutumia uftrace, zana inayoandika funksheni zinazoitwa.

Tatizo la nyayo ni wingi wake, kwani sekunde chache tu huweza kujaza faili ambayo hakuna atakayeimaliza. Kwa hiyo huendesha programu mara mbili, kwanza bila kugusa kipengele ninachokichunguza, kisha nikikitumia, halafu huondoa funksheni zote zilizojitokeza katika safari zote mbili. Zinazobaki mara nyingi huwa chache, na hapo ndipo usomaji wangu huanza. Hulinganisha majina tu, si mfuatano wake, kwa sababu nyuzi (sehemu za programu zinazoendeshwa kwa wakati mmoja) zinapokwenda sambamba mfuatano hubadilika hata pasipo sababu ya maana.

Kuna funksheni moja niliyokaribia kuifuta kwa kuwa haikuonekana katika nyayo zozote nilizokusanya wiki nzima. Ilikuwa ikiitwa mara moja tu kwa mwezi, wakati wa kufunga hesabu.