Wanaopenda visu wanafanya kazi gani? Majibu ya fundi anayevinoa

Juzi kuna kijana alikaa kwenye benchi langu hapa karibu na soko la Sabasaba, anasubiri nimalizie kisu cha mama yake, akaniuliza fundi hivi hawa watu wanaopendaga visu wanafanyaga kazi gani, maana ye anavyojua ni wachinjaji na wahuni basi. Nikacheka. Swali hilo naulizwa sana, hata shemeji yangu aliniuliza siku ya posa, sema yeye alikuwa hacheki.

Sasa mimi nimenoa visu Dodoma hii miaka 11, nilianza na baiskeli, ile unapiga pedali jiwe linazunguka huku watoto wamekuzunguka wanaangalia cheche, saa hizi nina kibanda na umeme. Visu vinavyopita mkononi mwangu kwa wiki ni vingi kuliko watu ninaosalimiana nao. Na nilichokiona ni kwamba anayeshika kisu kutwa nzima kutafuta hela huwa hakipendi, na anayekipenda mara nyingi kazi yake haina kisu kabisa. Hao wawili hawafanani hata kidogo, na mimi nakula kwa huyu wa kwanza nikimaliza napiga stori na yule wa pili.

Tuanze na wa kwanza. Ijumaa jioni hapa kwangu ni foleni, kwa sababu Jumamosi ni mnada wa Msalato, na anayejua Msalato anajua, mbuzi zinaanguka asubuhi hiyo moshi unaonekana toka barabarani. Wachoma nyama na wauza bucha wanakuja na visu vimefungwa kwenye gazeti au mfuko wa salfeti, vinne vitano mtu mmoja. Hawa hawaulizi kisu kimetoka nchi gani. Mpini umepasuka amezungushia mpira wa tairi, bapa limeisha kwa kunolewa mpaka kisu kilichokuwa kipana kama kiganja kimebaki kama kidole, na yeye yuko sawa tu. Swali lake ni moja, kimekubali? Anajaribu kwenye ukucha, analipa buku kwa kila kisu, anaondoka. Ukianza kumweleza habari za chuma anaangalia saa.

Wachinjaji nao vilevile ila wao wana adabu moja naipenda. Dini inawataka kisu kiwe kikali sana ili mnyama asiteseke, na usikinoe mbele yake anakuona, kwa hiyo wanavileta mapema, hawataki kufika kazini ndo waanze kutafuta jiwe. Mzee mmoja wa machinjioni huwa ananiambia, "Mjukuu, ukinipa butu dhambi tunagawana." Hiyo ndo gwarantii yangu.

Hapa niseme kitu maana wengi wanakosea. Kisu cha bucha kinatengenezwa kwa chuma laini kidogo makusudi kabisa. Vile visu vya Kijerumani vya jikoni ugumu wake kwa kipimo cha Rockwell unacheza kwenye 56, vya Kijapani vingi vinapita 60, sasa ukimpa muuza bucha cha Kijapani akagonga nacho mfupa wa ng'ombe makali yanameguka vipande kama kioo. Kile laini kikigusa mfupa makali yanalala pembeni tu, ndo maana unamuona anakipitisha kwenye kile kifimbo cha chuma kila baada ya dakika kadhaa, pale hanoi, ananyoosha makali yaliyolala. Yakishachoka kabisa ndo anakuja kwangu. Na pembe pia inatofautiana, kisu cha kukatia nyanya nakilaza nyuzi 15 mpaka 20 kila upande, cha kupasulia mifupa nakisimamisha mpaka 25, maana ukimlazia sana atarudi kesho amenuna.

Halafu jamani acheni kunoa visu kwa grenda kavu. Cheche zinapendeza ila ukiona makali yamegeuka bluu ujue chuma kimeungua, ugumu umetoka, utanoa leo na kesho butu. Nusu ya lawama ninazopewa ni za kisu kilichouawa na grenda ya mtu mwingine kabla hakijafika kwangu.

Wengine wa kundi hili ni mama ntilie, mafundi viatu (hao wanajitengenezea wenyewe kisu cha ngozi kutoka kwenye kipande cha msumeno wa chuma, na ni kikali kuliko ninavyonoa mimi, nakubali), na wakulima wa zabibu wa Hombolo na Makutupora wanaoleta mikasi msimu wa kupogoa, wanaileta yote kwa pamoja imejaa utomvu umekauka, kabla ya jiwe inabidi kwanza niisugue.

Sasa wale wapenzi wenyewe.

Wameongezeka sana tangu serikali ilipoanza kuhamia huku 2016, maana wizara zimekuja na watu wake, na watu wamekuja na makabati yao. Nina mteja mhasibu, kutwa yuko na makaratasi, ana visu vya kukunja zaidi ya 20 na sijawahi kuona hata kimoja kimekata kitunguu. Nina mwalimu wa fizikia. Nina dereva wa malori ya kwenda Rwanda na Burundi, huyo ni mpenzi na ni msambazaji wangu pia, springi ikikatika njiani haitupi, ananiletea. Nina dada mmoja wa benki ambaye kisu chake cha jikoni anakisafirisha kwenye taulo kama mtoto, akifika haniachii, anakaa pembeni anahesabu napitisha mara ngapi upande huu na mara ngapi upande huu.

Ila anayenishangaza zaidi ni daktari wa upasuaji. Nilidhani huyu ndo atakuwa amekamilika, kazi yake ni kisu na anapenda visu. Akaniambia fundi, kule ninachoshika ni mpini namba 3, juu yake nachomeka kiwembe namba 10 au 15, nikimaliza mgonjwa mmoja kiwembe kinatupwa, hakinolewi, hakina historia. Kwa hiyo jioni anakuja kukaa hapa ananoa kisu cha marehemu baba yake kwenye jiwe langu la maji, mwenyewe, taratibu, na analipa kama vile nimenoa mimi. Sijawahi kuzikataa hela zake.

Na hii hali sio ya Dodoma tu. Ukisoma habari za hawa mafundi wakubwa wa visu wa huko nje, wengi walikuwa na kazi nyingine kabisa. Bo Randall wa Florida alikuwa mtu wa mashamba ya machungwa, miaka ya 30 akamuona mtu anakwangua rangi ya boti kwa kisu cha fundi mmoja anaitwa William Scagel na makali hayaharibiki, akakitaka, ndo ikawa mwanzo wa yeye kutengeneza. Bob Loveless alikuwa baharia, mwaka 1953 akaingia dukani New York kutafuta kisu cha huyohuyo Randall, akaambiwa foleni ni miezi 9, akasema hapana, akaenda kujitengenezea mwenyewe, leo visu vyake vinauzwa bei ya gari. Na Chris Reeve wa Afrika Kusini alikuwa fundi mashine na mkimbiza pikipiki, baadaye akahamia Marekani, kisu chake maarufu cha kukunja akakiita Sebenza, ambayo kwa Kizulu ni kazi. Yani wanaokinunua wengi wako maofisini na mfukoni wametia kitu kinaitwa kazi, mhasibu wangu nilipomwambia maana yake alicheka mpaka akakaa.

Mtaniuliza sasa wewe fundi mbona na wewe usitengeneze uwe kama hao. Natengeneza. Ngoja niwape hesabu.

Springi ya lori ni chuma kizuri, kina kaboni kama asilimia 0.6, kinafaa kisu, panga mpaka sime. Kwanza nakiwasha mpaka kiwe chekundu afu nakifukia kwenye majivu kilale usiku kucha kipoe polepole, kinalainika, kesho yake nakata na kupiga tupa. Umbo likikaa narudisha motoni, naangalia kwa sumaku, ikiacha kushika ujue umefika kama nyuzi 770, naongeza kidogo, nazamisha kwenye mafuta ya alizeti yaliyopashwa moto. Alizeti huku kanda ya kati sio shida, tatizo kibanda kizima kinanukia maandazi na majirani wanakuja kuuliza bei. Kikitoka hapo ni kigumu ila kinavunjika kama biskuti, kwa hiyo kinaingia kwenye oveni nyuzi 200, masaa mawili, mara mbili, mpaka chuma kiwe na rangi ya majani makavu. Ndo uje msasa, ndo mpini wa mpingo, na mpingo vumbi lake linawasha pua balaa.

Hiyo ni siku mbili nzima, mkaa na msasa na mbao vimekula kama 12,000, mteja anaambiwa 35,000 anashtuka, maana sokoni cha Mchina ni 3,000 na kinang'aa zaidi. Siku mbili hizohizo nikinoa tu napata 40,000 na sijaungua kidole. Afu kuna hasara za kimyakimya, springi ya zamani ina nyufa usizoziona, unaizamisha kwenye mafuta unasikia ti! Hiyo ti inauma. Marekani kuna chama cha wahunzi wa visu, American Bladesmith Society, tangu 1976, wana mtihani wao, kisu kikate kamba nene inayoning'inia kwa pigo moja, kipasue mbao, kisha bado kinyoe nywele za mkono, halafu kinabanwa kwenye jiriwa kinakunjwa nyuzi 90 kisivunjike. Nikajaribu mwaka juzi na changu bora kuliko vyote. Kamba sawa, mbao sawa, kunyoa sawa, kwenye jiriwa kilifika kama nusu ya safari kikaruka vipande viwili, kimoja sikukipata mpaka leo.

Wanasema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, sawa, ila aliyekinoa anakula maharage, labda iwe Jumamosi jamaa wa Msalato akikumbuka kuniletea mguu wa mbuzi.

Leo ni Ijumaa hapa nina visu 46 ndani ya ndoo, vyote vya kesho alfajiri. Sime ya yule mwalimu wa fizikia bado imefukiwa kwenye majivu, wiki ya tatu sasa, nilimpigia kumuomba radhi akasema fundi we endelea tu, mi napita jioni kuiangalia.