Betri Iliyofungiwa Ndani ya Kifaa cha Kusomea Vitabu

Kifaa cha kielektroniki cha kusomea vitabu ambacho kioo chake ni kizima na kumbukumbu yake imejaa vitabu kinaweza kuwekwa kando kwa sababu moja tu: betri haikai tena na chaji, na haikuwekwa kwa namna ambayo mwenye kifaa anaweza kuitoa. Mzazi wa Igoma, jijini Mwanza, au mwalimu wa kisiwani Ukerewe huambiwa anunue kingine, ushauri ambao mara nyingi hauna ulazima.

Haikuwa hivyo tangu mwanzo. Kindle ya kwanza, kifaa cha aina hii cha kampuni ya Amazon kilichotoka mwaka 2007, ilikuwa na mfuniko wa nyuma uliofunguka kwa mkono. Toleo la pili, la mwaka 2009, lilizibwa. Watengenezaji hueleza kwamba kuziba hukifanya kifaa kiwe chembamba, na hilo ni kweli. Hata hivyo, gundi inapotumika mahali ambapo skrubu zingetosha, na betri ya akiba haiuzwi, umri wa kifaa kizima huwa ni ule wa sehemu yake inayochakaa upesi, na mtengenezaji analijua hilo tangu anapokisanifu.

Betri ya lithiamu kwa kawaida hubakiwa na takribani asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500. Kwa kuwa kioo cha wino wa kielektroniki hutumia umeme hasa ukurasa unapobadilika, anayechaji mara mbili kwa mwezi angehitaji zaidi ya miaka 12 kufikia mara hizo 300. Kinachoziua betri hizi mapema, basi, ni joto na kuachwa tupu. Kifaa kinachofungiwa kabatini chini ya paa la bati shule zinapofungwa Desemba, chaji ikiwa imekwisha, huendelea kupoteza umeme kidogo kidogo hadi betri ishuke chini ya kiwango salama, na saketi yake ya ulinzi ikakataa kuchajiwa tena. Kabla ya likizo kichajiwe hadi nusu, kizimwe kabisa, na kiwekwe mahali pasipo na joto.

Betri ikishakufa, fundi simu mzoefu anaweza kuibadilisha. Gundi hulegezwa kwa joto la taratibu, kisha mfuniko hubanduliwa kwa kipande chembamba cha plastiki, kamwe si kwa bisibisi, kwani ikiteleza huvunja kioo au kutoboa betri, nayo ikashika moto. Mfuniko ukiinuka wenyewe, betri imevimba: acha kuchaji, usiibonyeze, na usiitupe katika mto Mirongo wa hapa Mwanza, unaomwaga maji yake katika Ziwa Victoria, ziwa hilihili tunalokunywa.

Umoja wa Ulaya, kwa kanuni yake ya betri ya mwaka 2023, umeagiza kwamba kuanzia tarehe 18 Februari 2027 betri za vifaa vingi vya kubebeka vinavyouzwa huko ziweze kutolewa na mtumiaji mwenyewe, na za akiba zipatikane kwa angalau miaka 5. Halmashauri, shule na wafadhili wa Kanda ya Ziwa wanaonunua vifaa kwa wingi wanaweza kudai hayo leo, kwa kuandika katika mkataba kwamba kifaa kifunguke kwa bisibisi ya kawaida na bei ya betri ya akiba itajwe kabla ya malipo.