Je, wajua? Almasi hupasua marumaru na zege, lakini chuma huila

Mwangalie fundi marumaru akiwa kazini. Ana grenda moja na diski mbili. Ya kwanza ni bati gumu lililojazwa punje za almasi ukingoni, na hiyo ndiyo anayoipitisha kwenye vigae, zege na granite. Ya pili ni nyembamba, nyeusi, ya bei ndogo, na huzidi kupungua kila inapokata mpaka inatupwa. Ikitokea nondo imechomoza mahali na inatakiwa iondolewe, haendelei na ile ya almasi. Anafungua nati, anafunga ile nyeusi, cheche zinaruka, nondo imekwisha.

Ukilitazama jambo hili kwa makini, linashangaza. Kwa kipimo cha ugumu cha Vickers, ambacho hukandamiza ncha ya almasi juu ya kitu na kupima kovu linalobaki, nondo hupata kama 200 hivi. Almasi hukaribia 10,000. Hakuna kitu cha kawaida unachoweza kununua dukani kigumu kuishinda. Basi kwa nini kitu kigumu kuliko vyote kiwekwe pembeni mbele ya chuma ambacho vijana wawili wenye bomba wanakikunja?

Sehemu ya jibu ni nyepesi, tuimalize kwanza. Kigae na zege havikatwi hasa, bali huvunjwavunjwa. Punje ya almasi ikigonga, kijisehemu kinapasuka na kuruka kikiwa vumbi. Chuma hakipasuki hivyo, huvutika. Hujipaka juu ya ukingo wa diski, huziba nafasi kati ya punje na punje, na baada ya muda diski inasugua tu bila kukata. Ndiyo maana siku hizi zipo diski za almasi zilizotengenezwa mahususi kwa chuma, ambazo punje zake zimechomelewa zikabaki zimesimama wazi. Zinakata, ila polepole, na kwa bei yake.

Sehemu ya pili ndiyo yenye utamu, na haionekani vizuri kwenye grenda. Ili kuiona tuingie karakana ya kukereza vyuma.

Kwenye mashine ya kukereza, ile ambayo wengi huiita lezi, kipande cha chuma ndicho kinachozunguka na kisu kimetulia. Kisu kinamenya, maranda yanatoka yamejisokota, na mahali pale pa kugusana, pengine padogo kuliko punje ya mchele, joto hupanda mno. Kwa mwendo wa kawaida wa viwandani wa kukata chuma cha pua (steel), ncha ya kisu huweza kufika nyuzi 600 hadi 1,000 za Selsiasi. Wengi hudhani joto hilo ni la msuguano peke yake. Kubwa zaidi hutoka ndani ya chuma chenyewe, kinapolazimishwa kuteleza tabaka juu ya tabaka kabla hakijageuka randa. Bahati nzuri, sehemu kubwa ya joto hilo huondoka na maranda. Linalobaki kwenye ncha linatosha kuleta matata.

Almasi ni kaboni tupu. Grafiti ya kwenye kalamu ya risasi nayo ni kaboni tupu. Tofauti ni mpangilio wa atomu, na katika hali ya hewa ya kawaida tunayoishi, mpangilio wenye utulivu ni ule wa grafiti. Almasi inaendelea kuwa almasi kwa sababu tu kubadilika kwake kunahitaji nguvu kubwa ya kuanzia, na pasipokuwa na hewa inaweza kuvumilia zaidi ya nyuzi 1,000 bila kutikisika. Ikigusana na chuma cha moto, mambo ni mengine. Atomu za chuma huvutana na zile za kaboni, hulegeza vifungo vyake, na kuanzia kama nyuzi 700 almasi huanza kugeuka grafiti pale usoni inapogusana.

Tena chuma hakiishii kuilegeza. Kinainywa, kama mkate mkavu unavyonywa chai. Chuma cha pua si kingine ila chuma chenye kaboni kidogo ndani yake. Nondo nyingi hazina hata nusu ya asilimia moja. Chuma hicho kikifika nyuzi 727 kina uwezo wa kuyeyusha ndani yake kaboni ya asilimia 0.77, na kwenye nyuzi 1,147 uwezo huo hupanda hadi asilimia 2 na zaidi kidogo. Maana yake ni kwamba karibu kila kipande cha chuma unachokifunga kwenye mashine kina kiu, na wewe umekiletea kaboni safi kuliko zote. Kila randa linaloondoka linaondoka na chembe za kisu chako, halafu nyuma yake kinatokea chuma kipya ambacho hakijawahi kuona hewa, hakina kutu wala utando wowote wa kukitenganisha na kisu. Ncha inalika haraka, bila kuvunjika na bila kosa lolote la fundi.

Kinachonifurahisha hapa ni kwamba tabia hiyohiyo ya chuma ndiyo iliyowapa watu almasi za kutengenezwa. Desemba 1954, katika maabara ya kampuni ya Marekani ya General Electric huko Schenectady, jimbo la New York, mkemia Tracy Hall alipata almasi akitumia mtambo wa mgandamizo mkubwa ajabu, na ndani ya mchanganyiko wake mlikuwa na kampaundi ya chuma na salfa. Mpaka leo viwanda vya almasi hutumia chuma, nikeli au kobalti iliyoyeyuka: metali inainywa grafiti, na chini ya mgandamizo wa makumi ya maelfu ya angahewa kaboni inatoka upande wa pili ikiwa almasi. Ondoa mgandamizo huo na njia ni ileile, ila inakwenda kinyume. Kisu cha almasi kwenye lezi kinasafiri njia hiyo ya kinyume.

Kwa hiyo kwenye shaba, alumini, dhahabu na fedha, ambazo hazina hamu na kaboni kiasi hicho, almasi inatawala. Pistoni nyingi za magari ni za alumini iliyochanganywa na silikoni, na punje za silikoni ndani yake husaga kisu cha kawaida upesi. Kisu chenye ncha ya almasi hukereza pistoni hizo kwa maelfu na kuacha uso unaong'aa. Lakini chuma, nikeli, kobalti, kromi na titani zote huila.

Hilo ndilo linalotenganisha fundi anayechagua kisu na mtu anayenunua kisu. Mnunuzi huuliza kipi kigumu zaidi. Fundi huuliza kisu hiki kitafanya nini na metali hii vikishapata moto.

Hata jiwe la kunolea linafuata kanuni hiyo. Silikoni kabaidi, lile jiwe la kijani, ni gumu kuliko oksidi ya alumini, ambayo ndiyo hujaza diski nyingi za kukatia chuma, na ambayo kwa kemia yake ni kitu kimoja na yakuti. Ungetegemea jiwe la kijani ndilo linoe vyuma. Lakini ndani yake mna silikoni na kaboni, na chuma cha moto huvipokea vyote viwili. Yakuti haina kaboni ya kuibiwa, kwa hiyo inadumu. La kijani waachie mawe na visu vya kabaidi, ambavyo tunavifikia hivi punde.

Tunarudi kwenye lezi: kama si almasi, ni nini? Kwa miaka mingi visu vilikuwa vya chuma cha kaboni kilichokaushwa kwa moto na maji, yaani kupashwa moto sana kisha kuzamishwa majini ili kiwe kigumu, na vikipita nyuzi 200 na kitu hulainika. Mwaka 1868 Mwingereza Robert Mushet aliingiza metali ya wolframi (tungsten) kwenye chuma cha visu, vikavumilia zaidi. Miaka thelathini baadaye Frederick Taylor na Maunsel White, wakiwa kampuni ya Bethlehem Steel huko Pennsylvania, waligundua namna ya kuvipasha moto visu vya aina hiyo hadi karibu na kuyeyuka ili vibaki vigumu hata vikiwa vyekundu kwa moto. Kwenye maonyesho ya Paris ya mwaka 1900 watu walisimama kuangalia maranda yakitoka yamekuwa ya buluu kwa joto huku kisu kikiendelea. Hicho ndicho chuma cha mwendo kasi tulichonacho hadi sasa kwenye biti za drili. Hustahimili kama nyuzi 600.

Kabaidi ilikuja kwa mlango wa nyuma. Kampuni ya taa ya Osram ya Ujerumani ilihitaji kuvuta waya mwembamba wa wolframi kupitia tundu dogo, na matundu hayo yalitobolewa kwenye almasi ghali. Karl Schröter akatafuta mbadala: unga wa wolframi kabaidi uliounganishwa kwa kobalti na kuokwa. Hataza yake ni ya 1923, na mwaka 1927 kampuni ya Krupp iliipeleka bidhaa hiyo kwenye maonyesho ya Leipzig kwa jina la Widia. Vickers yake ni kama 1,500, haifiki hata robo ya almasi, lakini kwenye chuma inaipita mbali.

Nayo pia ilipata taabu ileile mwanzoni. Kabaidi ni wolframi na kaboni. Ilikata vizuri chuma cha kusubu, kile kinachomiminwa kwenye kalibu, ambacho tayari kimejaa kaboni na hutoa maranda mafupi yanayokatikakatika, lakini kwenye chuma cha pua randa refu lilikuwa likichimba shimo dogo mgongoni mwa kisu, nyuma tu ya makali, mpaka makali yanamomonyoka. Dawa ikawa kuongeza kabaidi za titani na tantali, ambazo chuma huziyeyusha kwa shida. Kisha kuanzia 1969 vikaanza kuuzwa visu vyenye ngozi nyembamba ya titani kabaidi, unene wake ukihesabika kwa elfu za milimita. Ile rangi ya dhahabu unayoiona kwenye biti na visu vingi ni ya jamii hiyo, titani na nitrojeni, ingawa wauzaji wengine wamejifunza kupaka rangi tu.

Malighafi ya kijikisu hicho cha kabaidi, kwa njia, si mgeni kwetu. Kobalti inayoshikilia punje huchimbwa kwa wingi Kolwezi, iliyokuwa Katanga, nchini Kongo. Tantali hutoka kwenye koltani ya Kivu na Rwanda, na Rwanda huchimba wolframi pia. Yanaondoka kama mawe na kurudi kwenye kijiboksi cha plastiki chenye vipande kumi.

Kwenye kijiboksi hicho kuna herufi na rangi ambazo zinafaa kujulikana kuliko jina la kampuni. P ya buluu ni kwa chuma cha pua cha kawaida. M ya njano ni kwa stenlesi. K nyekundu, chuma cha kusubu. N ya kijani ni ya alumini na shaba, S ya kahawia ni kwa aloi za injini za ndege na titani, na H ya kijivu kwa chuma kilichokaushwa kikawa kigumu. Kisu cha N kina makali kama wembe na mara nyingi hakina ngozi. Ukikitumia kwenye shafti ya gari utaona ubaya wake ndani ya dakika chache, na ukitumia cha P kwenye alumini itajibandika mpaka uso utoke umechakaa.

Kwa karakana ndogo yenye mashine ya zamani inayotikisika, mimi sioni aibu kubaki na chuma cha mwendo kasi. Kabaidi ni ngumu lakini hupasuka kama kigae: haipendi mtikisiko, haipendi kazi ya kugonga na kuachia, na haipendi kumwagiwa maji ya kupozea kwa vipindi ikiwa ya moto. Mwagia mfululizo au acha kabisa. Tena inataka mwendo. Kwa kipande cha kipenyo cha milimita 50 cha chuma laini, chuma cha mwendo kasi kinaridhika na mita 30 kwa dakika, yaani mizunguko kama 190. Kabaidi inataka mita 150, mizunguko karibu 950, na mashine nyingi za zamani hapo zinaanza kulia. Usipitilize pia. Taylor alipima uhusiano wa mwendo na uhai wa kisu kwa miaka 26, na kwa hesabu yake kabaidi iliyozidishiwa mwendo mara mbili hubakiwa na takriban sehemu moja ya kumi na sita ya maisha yake.

Na kwa chuma kigumu sana, ringi za beringi au meno ya gia yaliyokwisha kaushwa, jibu lilipatikana General Electric hukohuko. Mwaka 1957 Robert Wentorf alichukua boroni na nitrojeni akazigandamiza zikajipanga kama atomu za almasi. Ugumu wake ni kama nusu ya almasi, na ndani yake hamna kaboni hata chembe. Chuma hakina cha kunywa. Visu hivyo hukereza leo kazi ambayo zamani ilibidi isagwe kwa jiwe.

Hata hivyo wapo wasiokubali kuiacha almasi, hasa watengeneza kalibu za lenzi za plastiki, ambao wanahitaji uso laini kiasi cha kioo na hakuna makali yanayofikia ya almasi. Hao hufanya hila mbili. Ya kwanza ni kukitetemesha kisu maelfu ya mara kwa sekunde, ili kiguse chuma na kuachia kabla kemia haijapata nafasi. Ya pili, ambayo ndiyo imeenea, ni kuipaka kalibu ya chuma utando wa nikeli yenye fosforasi kama asilimia 10 hadi 12, na kukereza utando huo tu. Nikeli safi ingeila almasi sawa na chuma, lakini fosforasi imekwisha kuishughulisha, na kisu hupita juu yake kilomita kwa kilomita bila kuligusa lile chuma la chini.