Kupanda Ooty kwa gari: yanayosemwa Bengaluru na yaliyoko njiani

Ukikaa Bengaluru miezi michache, uwe umekuja kusoma au umemsindikiza mgonjwa, hakosi mtu wa kukuambia usirudi nyumbani bila kufika Ooty. Ni mji wa milimani, kwenye milima ya Nilgiri, jimbo la Tamil Nadu, mita 2,240 hivi juu ya usawa wa bahari. Enzi za ukoloni serikali ya Waingereza ya Madras ilikuwa ikihamia huko kila kiangazi kukimbia joto la pwani. Jina lake rasmi ni Udhagamandalam, kwa hiyo mkilikuta kwenye kibao msidhani mmepotea.

Wazo la kwenda ni zuri. Kinachoharibu ni ushauri unaofuata, ule unaopita kutoka simu hadi simu bila mtu kuuliza ulianzia wapi. Nimesikia mwingi, na mwingine niliuamini hadi nilipokutana na geti.

"Ni kilomita 270 tu, saa nne mmeshafika"

Kilomita ni hizo, ila saa siyo. Safari hii ni barabara tatu tofauti zilizounganishwa. Ya kwanza, Bengaluru hadi Mysuru (wengi bado wanaiita Mysore), ni barabara mpya ya mwendokasi yenye kilomita 119, iliyozinduliwa Machi 2023. Hapo saa moja na nusu inatosha, mkishatoka kwenye foleni za jiji. Ya pili, Mysuru hadi Gundlupet na kuendelea hadi mlango wa hifadhi ya Bandipur, ni barabara ya kawaida: mashamba, matuta, ng'ombe anayevuka kwa wakati wake. Ya tatu ni msitu na mlima, na huko dereva mzuri haangalii mwendo kabisa. Hesabuni saa sita hadi nane pamoja na kula. Ukiondoka saa tatu asubuhi, saa nzima ya kwanza utaimaliza ukitazama bampa la basi lililo mbele yako. Saa kumi na moja alfajiri ndiyo saa ya kuondoka.

Na hiyo barabara mpya, pamoja na sifa zake, imeikwepa miji yote iliyoipa njia ya zamani utamu wake. Bidadi wanapika idli, vitumbua laini vya mvuke, pana kama sahani ndogo. Channapatna wanachonga wanasesere wa mbao wa rangi kali. Maddur wana vada yao, kitafunwa kigumu cha kukaanga chenye vitunguu, ambayo watu hununua kwa safari nzima. Srirangapatna ndipo Tipu Sultan, mtawala wa Mysore, alipouawa mwaka 1799, Waingereza walipoivunja ngome yake. Mwambieni dereva mapema wapi mnataka kutoka, maana akishapita mchepuko hawezi kugeuza. Mimi ningetoka Maddur, kwa ajili ya tumbo.

"Tukichelewa tutapita usiku, barabara inakuwa tupu"

Kama utakumbuka jambo moja tu katika haya yote, likumbuke hili. Barabara inayopita Bandipur hufungwa kwa magari kuanzia saa tatu usiku hadi saa kumi na mbili asubuhi. Amri ilitolewa mwaka 2009 kwa sababu magari yalikuwa yanaua wanyama gizani, na mwaka 2010 Mahakama Kuu ya Karnataka, jimbo la Bengaluru, ikaithibitisha. Wanaoruhusiwa ni wachache: magari ya wagonjwa na mabasi ya umma machache yaliyopangwa. Aliyezoea kupita Mikumi usiku, akihofia tu faini ya kugonga nyumbu, ataona ajabu kukuta barabara kuu nzima imefungwa kwa ajili ya tembo. Lakini imefungwa, na askari wa geti hasikilizi habari za foleni ya Mysuru.

Hapa kuna mtego wa lugha unaotupata sisi peke yetu. Kijana anayeongea na hoteli anaambiwa kwa Kiingereza geti linafungwa "nine", anamgeukia mama mdogo kiti cha nyuma na kusema, "Tisa, mama mdogo." Mama mdogo anaelewa saa tisa. Ama ataanza kuhangaika mchana kweupe kwamba mmechelewa, ama atajua kuna muda hadi usiku wa manane. Andikeni saa za Kiswahili kwenye karatasi, kila mtu asome.

Hata mchana, ndani ya msitu hakuna kusimama. Swala madoadoa watakuwa pembeni kabisa, pengine na tembo, na kila mtu garini atasema "simama kidogo tu". Kusimama, kushuka na kuwarushia wanyama ndizi ni makosa yenye faini. Piga picha gari likiwa linatembea, ikitoka na ukungu basi.

"Njia fupi ndiyo nzuri"

Mkishavuka kuingia Tamil Nadu mtafika Theppakadu, penye kambi ya tembo, na hapo njia inagawanyika. Moja inapita Masinagudi, kilomita 36 hivi hadi Ooty. Nyingine inazunguka Gudalur, kama kilomita 67. Ramani ya simu itakupeleka kwenye ile fupi bila kusita, na ramani haijui kuchoka kwa breki.

Ile fupi inapanda mteremko wa Kalhatti: kona 36 za kujipinda, kila moja na namba yake kwenye kibao, na mwinuko unaomfanya aliyewahi kupita Kitonga au njia ya Mombo kwenda Lushoto anyamaze. Kupanda kunawezekana kwa gari zima na dereva mzoefu. Kushuka ndiko kulikoua watu. Anayeshuka huku amekanyaga breki muda wote huzichemsha hadi zinaacha kushika, na kona inayofuata haimsubiri. Ndiyo maana magari ya wageni hayaruhusiwi kushuka kwa njia hiyo. Wanaoachiwa ni wenyeji, wenye magari ya namba za wilaya ya Nilgiri, zinazoanza na TN 43. Watu wanaopanga "twende kwa Kalhatti, turudi kwa Kalhatti" hurudishwa na polisi Ooty penyewe, na ratiba yao ya jioni inafia hapo.

Mpango wa akili: pandeni kwa Gudalur, mpite mashamba ya chai na ziwa la Pykara, kisha mteremke kwa Gudalur hiyohiyo au upande wa pili, kupitia Coonoor hadi Mettupalayam. Na popote mtakaposhukia, dereva ashuke na gia nzito, namba mbili, hata moja. Akiweka frii ili kuokoa mafuta, mwambieni asimamishe, mshuke. Kwenye njia nyembamba ya mlimani sheria ya India inampa kipaumbele anayepanda. Honi kabla ya kona haichukuliwi kuwa ukorofi: anayetokea upande wa pili anajulishwa kwamba upo.

"Wanaendesha kushoto kama sisi, nitaendesha mwenyewe"

Kweli, usukani uko kulia kama Tanzania, Kenya na Uganda. Ila leseni ya nyumbani peke yake haitoshi. Unahitaji kibali cha kimataifa cha udereva, na hicho hutolewa nchini kwako kabla hujapanda ndege. Halafu angalia namba za gari unalokodishwa. Gari halali la kukodi bila dereva lina kibao cheusi chenye maandishi ya njano. Teksi ina kibao cha njano chenye maandishi meusi. Kibao cheupe ni gari la mtu binafsi, na rafiki wa rafiki anayekukodisha hilo kwa bei nafuu anakutafutia kesi, hasa ikitokea ajali.

Maoni yangu: chukueni gari na dereva. Huyo anajua kona, anaongea na polisi, na wewe unatazama milima badala ya lami.

Ila msihesabu gharama kwa kuzidisha kilomita mlizotembea. Kwa safari za nje ya mji, wenye magari huweka kima cha chini cha kilomita kwa siku, mara nyingi 250 au 300. Kwa siku tatu zenye kima cha 300, mtalipa kilomita 900 hata kama gari limetembea 650. Juu yake kuna posho ya dereva ya kila siku, ambayo kusini wanaiita "bata" (hapana, si ile ya kwetu ya kula bata), ushuru wa barabara, na kibali cha gari la biashara kuvuka mpaka wa jimbo. Ulizeni kila kimoja kabla ya kuondoka, na aliyejibu aandike. Mimi niliwahi kuambiwa "kila kitu kimo", na bata haikuwamo, wala kibali.

"Nenda tu, mlima hauna tiketi"

Ulikuwa hauna. Tangu Mei 2024, kwa amri ya Mahakama Kuu ya Madras, kila gari la mgeni linaloingia Nilgiri linatakiwa kuwa na pasi ya kielektroniki. Hailipiwi, inajazwa mtandaoni. Mwaka 2025, kwa miezi ya Aprili hadi Juni, mahakama iliweka na kikomo: magari 6,000 kwa siku za kazi na 8,000 mwisho wa wiki. Mabasi ya umma hayahusiki. Kwa hiyo anayesema Mei ndio mwezi wa kwenda, kwa sababu ya maonyesho ya maua kwenye bustani ya mimea, hakosei kuhusu maua. Anasahau tu kwamba Kusini nzima ya India imepata wazo hilohilo, shule zimefungwa, na kilomita tano za mwisho zinaweza kula saa mbili.

Chupa za plastiki za maji nazo zitachukuliwa getini. Bebeni za chuma.

"Huko kuna theluji"

Hakuna. Theluji mnayoiona kwenye picha za India iko kaskazini, Himalaya, maelfu ya kilomita kutoka Ooty. Desemba na Januari kinachoonekana ni jalidi ya alfajiri juu ya majani, joto likishuka karibu na sifuri, na vyumba vingi havina kipasha joto. Sweta moja haitoshi.

Mvua ndiyo ya kuogopa kuliko baridi, na hapa watu hujua nusu. Wanajua masika ya Juni hadi Septemba, kisha wanapanga Novemba wakidhani mvua imekwisha. Nilgiri inapata mvua mbili: ya pili, ya upepo wa kaskazini mashariki, ni Oktoba hadi Desemba, na upande wa Coonoor ndio huipokea. Novemba 2009 maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 40 katika wilaya hiyo. Mkiwa na uhuru wa kuchagua, Januari hadi Machi ndiyo yangu.

"Hewa ni nyepesi, mgonjwa atazimia"

Kwa mwinuko, Ooty iko karibu sawa na Limuru. Aliyekulia Njombe au Limuru hatahisi tofauti. Kinachowaangusha watu ni kichefuchefu cha kona, kwa hiyo kifungua kinywa kiwe chepesi na anayetapika akae mbele. Lakini aliyetoka kufanyiwa upasuaji ni habari nyingine: ruhusa aitoe daktari wake. Dereva na jirani wa kitanda wasiulizwe.

"Nyumba ya wageni tutaipata hukohuko"

Mwenye nyumba anayempokea mgeni kutoka nje ya nchi anatakiwa kumsajili kwa mamlaka ya uhamiaji ndani ya saa 24. Vijumba vingi vidogo havijajiunga na utaratibu huo, na mkifika saa mbili usiku na pasipoti za kijani au bluu watawaambia vyumba vimejaa, ingawa funguo zote zinaning'inia ukutani. Si ubaguzi kila mara, ni woga wa faini. Pigeni simu kabla, mseme waziwazi kwamba ninyi ni wageni, na mbebe pasipoti halisi yenye viza.

Kwenye simu hiyo, Kihindi mlichokiokota kwenye filamu hakitawafikisha mbali. Bengaluru na Mysuru ni Kikannada, Ooty ni Kitamil, na vijijini mtasikia Kibadaga. Kiingereza kitawasaidia zaidi. Neno letu "gari" limetoka Kihindi, lakini dereva wa Kitamil gari lake ni "vandi".

"Treni ya mlimani ni njia nyingine ya kufika"

Si kwa anayetoka Bengaluru. Inaanzia Mettupalayam, upande wa pili wa milima, na inapanda kilomita 46 kwa karibu saa tano, ikishika reli kwa meno sehemu ya chini yenye mwinuko mkali. Ilifika Ooty mwaka 1908 na UNESCO iliiweka kwenye orodha yake mwaka 2005. Ionjeni kipande: pandeni Ooty, mshukie Coonoor, mwendo wa saa moja na kidogo, dereva awe amewatangulia kwa barabara. Tiketi ikatwe mapema.

"Kila kitu huko ni asili tupu"

Dirishani mtu wa Njombe atasema, "Mbona kama kwetu?" Na hajakosea. Miwati na mikaratusi anayoiona ililetwa kutoka Australia na Waingereza, kama ya kwetu. Chai ni ya kupandwa. Hata lile ziwa la mjini lenye boti za kukodi lilitengenezwa miaka ya 1820 kwa amri ya John Sullivan, mtawala wa wilaya ya Coimbatore aliyeuanzisha mji. Kabla yake palikuwa na nyasi ndefu, misitu mifupi mabondeni, na Watoda, wenyeji wa asili wa milima hiyo, na nyati wao wa maziwa.

Juu ya bustani ya mimea bado kuna kijiji chao kidogo. Nyumba zao za kale zina umbo la pipa lililopasuliwa katikati na kulazwa, zimeezekwa nyasi hadi chini, na mlango ni mdogo kiasi kwamba mtu mzima huingia kwa magoti. Wengi hawafiki, kwa sababu dereva ameshawaambia muda umekwisha na geti la Bandipur linawangoja.