Je, wajua kwa nini ng' hugeuka ng’?

Jezi zilifika Mkwakwani nusu saa kabla ya mechi, bado zikiwa kwenye nailoni. Kikundi chetu cha mashabiki wa Coastal Union kina blogu, kina kundi la WhatsApp, na msimu ule tuliamua kila mwanachama awe na jezi yenye jina lake mgongoni. Mmoja wetu ni Msukuma aliyehamia Tanga kikazi, jina lake linaanza na Ng'w. Akaifungua yake, akaikunjua. Mgongoni pameandikwa NGÂ€™W, kisha jina likaendelea vizuri kabisa, kana kwamba hakuna kilichotokea.

"Kaka, hii yuro ya nini?" akaniuliza. Orodha ya majina niliituma mimi.

Nikamjibu kwa uhakika wa mtu asiyejua: virusi.

Ugonjwa wenyewe niliuona wiki mbili nyuma. Kwenye blogu niliandika kichwa cha habari "Wagosi wang'ara Mkwakwani", wasomaji wakapata "Wagosi wang’ara Mkwakwani". Nikapeleka kompyuta kwa fundi, Barabara ya 12, akaipiga Windows upya. Kesho yake "virusi" vikarudi. Hapo nikabadili nadharia: mashine hizi zimetengenezwa na Wazungu, haziijui ng' yetu. Nadharia hii ilipendwa sana kwenye baraza la kahawa. Mzee mmoja alisukuma kashata pembeni akasema, "Mwanangu, walizitunga bila kutuuliza, ulitegemea nini?" Ina utamu wa kweli, na mpaka leo nasikia watu wakiirudia. Ni kosa pia.

Nikae hapa kidogo, maana kosa hili nililibeba muda mrefu. Kifaa kisicho na umbo la herufi fulani huchora kiboksi kitupu, □. Kikikutana na kitu kisichosomeka kabisa, huweka alama ya kuuliza ndani ya almasi nyeusi, �. Hizo ndizo dalili za mashine iliyoshindwa. ’ si dalili ya kushindwa hata kidogo. Mashine imesoma, imeridhika, na imeandika alama tatu halali, kila moja na umbo lake safi. Imekosea ikiwa imejiamini, kama mimi na virusi vyangu.

Wala haina ugomvi na sauti ya ng'. Kompyuta haisikii sauti. Kwake hiyo ni n, halafu g, halafu ritifaa, yaani kile kialama kinachoning'inia juu. Ngamiani, mtaa wetu hapa Tanga, inapita kila siku bila mkwaruzo, ngamia wake na ngoma zake. Kinachoumia ni ng'ombe, ng'ambo na kung'ara, yaani penye ritifaa tu. Tena si kila ritifaa. Mwenzetu mmoja anatuma habari zake kwa simu ya zamani ya vibonyezo, na ng' zake zilitoka salama msimu mzima. Zangu, nilizozipitisha kwenye Word nikazinyoosha mpaka zikapendeza, ndizo zilizovunjika. Uangalifu wangu ndio ulioniponza.

Ili kuona kwa nini, fikiria saa. Mtu wa Tanga anamwandikia mgeni kutoka Ulaya: basi linaondoka saa 2. Mgeni anafika stendi jua la mchana linachoma, akiangalia saa yake inayosema 2 kamili, na basi limeshaingia Dar es Salaam. Ile namba 2 haikuharibika njiani. Hakuna aliyeifuta, na mgeni hakuisoma vibaya. Kilichokosekana ni makubaliano: tunahesabu kuanzia alfajiri au kuanzia adhuhuri?

Maandishi ndani ya kompyuta ni namba tupu, kila moja huitwa baiti na ina thamani kati ya 0 na 255. Herufi zinapatikana kwa kufungua jedwali la kusomea. Ritifaa iliyonyooka, ile ya kwenye kibodi, ni namba 39. Ritifaa iliyopinda, ile yenye mkia kama koma iliyopanda juu, katika mfumo unaotumika zaidi leo, UTF-8, huandikwa kwa namba tatu: 226, 128, 153. Sasa fungua jedwali la zamani la Microsoft liitwalo Windows-1252 utafute namba hizo moja moja. 226 ni â. 128 ni €. 153 ni ™. Ndiyo hiyo jezi. (Printa ilipofanya jina kuwa herufi kubwa, â nayo ikavikwa ukubwa, Â. Mashine haina dharau, inamhudumia kila mtu.)

Namba tatu zinajuaje kwamba ni kitu kimoja? Hapa ndipo UTF-8 inaponifurahisha. Chukua mlango wa ukumbi wa harusi. Kadi zetu zipo za singo na za dabo. Tuseme ipo na ya watatu. Anayetangulia anaonyesha kadi: "Tuko watatu." Wawili wa nyuma hawana kadi, kila mmoja anasema tu, "Niko na huyo wa mbele." Mlinzi anawapeleka wote meza moja. Ndivyo ilivyo hasa: ukiandika 226 kwa sifuri na moja unapata 11100010, na zile moja tatu za mwanzo ndiyo kadi ya watatu. 128 na 153 zote zinaanza na 10, maana yake "niko na wa mbele". Mlinzi wa Windows-1252 ni wa zamani kuliko utaratibu huu. Kadi hasomi. Anahesabu vichwa, na kila kichwa anakipa kiti chake.

Ritifaa iliyonyooka inaokoka kwa sababu 39 iko chini ya 128. Jedwali la Kimarekani la ASCII, la mwaka 1963, lilikuwa na nafasi 128, nayo majedwali yote mawili yanaliheshimu. Nchi za Ulaya zilipotaka é na ñ zao, nafasi za juu zikajazwa, kila mtu na jedwali lake. Mwaka 1992 Ken Thompson na Rob Pike wakachora UTF-8 kwenye karatasi ya kuwekea sahani, katika mgahawa mmoja wa New Jersey, wakaziacha zile 128 za mwanzo kama zilivyo. Kiswahili sanifu kinaishi karibu chote humo ndani. Mfaransa anaumwa kila sentensi ya pili. Sisi tuna kidonda kimoja tu, kwenye ng'. Nusu ya nadharia ya barazani basi inasimama, lakini imegeuka kichwa chini: mashine zilitungwa bila kutuuliza, na kwa bahati tukatosha ndani yake.

Ritifaa iliyopinda tunaletewa. Word inaipinda yenyewe unapoandika. iPhone inafanya hivyo tangu iOS 11. WordPress, programu ya kuendeshea blogu, inaipinda wakati wa kuonyesha ukurasa, hata kama wewe uliandika iliyonyooka, hivyo anayenakili kutoka kwenye blogu anaondoka na ile iliyopinda. Wote wanadhani wanapamba nukuu za Kiingereza. Hawajui kwamba kwetu hiyo ni sehemu ya herufi.

Ukiona ’ pia usitishike. Huo ni ugonjwa uleule kwa mara ya pili. Zile alama tatu zilihifadhiwa upya kama UTF-8, kila moja sasa ikiwa mgeni halali mwenye kadi yake: â inachukua baiti 2, € inachukua 3, ™ inachukua 3. Zikapita tena kwa mlinzi yule asiyesoma kadi, akaona vichwa 8. Moja, tatu, nane. Blogu zilizohamishwa kutoka hifadhidata moja kwenda nyingine zinapata hili sana, kwani MySQL, programu ya hifadhidata inayobeba nyingi kati yake, iliendelea kuwa na jedwali la Kilatini, la ukoo wa Windows-1252, kama chaguo-msingi mpaka toleo la 8.0 la mwaka 2018.

Tiba ni kurudi kinyumenyume: alama zigeuzwe kuwa namba kwa jedwali lilelile lililokosea, kisha namba zisomwe kwa UTF-8. Kwa ritifaa inafanya kazi vizuri, mradi hakuna mtu aliyejaribu "kusafisha" maandishi katikati. Kwa alama ya kufunga nukuu sina ahadi hiyo. Yake ni 226, 128, 157, na Windows-1252 haina herufi kwenye 157, hivyo programu nyingine huitupa. Kilichotupwa hakirudi.

Sasa ile orodha. Ukurasa wa wavuti, ulioandikwa kwa HTML, unaweza kutangaza jedwali lake, na unatakiwa ufanye hivyo ndani ya baiti 1024 za mwanzo. XML, ambayo ndiyo inabeba milisho ya RSS inayowapelekea wasomaji habari mpya za blogu, hutangaza kwenye mstari wa kwanza, na isipotangaza hudhaniwa kuwa UTF-8. JSON, muundo ambao programu hutumiana data, haikuachii uchaguzi: ikisafiri kati ya mifumo, ni UTF-8 tu. Mimi nilituma CSV, majina yaliyotenganishwa kwa koma, na CSV haina hata sehemu ya kutangaza. Ni barua ya "saa 2" isiyo na asubuhi wala usiku. Aliyeipokea kwa mchapaji alifungua kwa jedwali la mashine yake, na kwa haki kabisa. Mimi ndiye sikumwambia.

Yapo maradhi mengine ya ng' yasiyohusiana na hili, ingawa watu huyachanganya. ng\'ombe, yenye mkwaju katikati, inatoka kwenye hifadhidata zinazotumia ritifaa kufungia maneno, hivyo mtu akaikinga kwa mkwaju akasahau kuuondoa. Na hashtegi hukatika penye ritifaa: tulipoanzisha #Wagosiwang'ara, kilichobonyezeka kilikuwa #Wagosiwang. Tuliitumia hivyohivyo msimu mzima, na wageni waliuliza Wang ni mchezaji gani, mgeni kutoka Uchina?

Orodha mpya niliiandika kwa ritifaa zilizonyooka, moja baada ya nyingine, huku kipengele cha kupinda nimekizima. Jezi ikarudi na NG'W safi. Mwenyewe akaipokea, akaigeuza, akatazama mgongoni kwa muda.

"Sawa kaka," akasema. "Na yuro yangu?"