Kwantaizi na tempo kwenye MIDI: yanayosemwa studio na yaliyo kweli

Prodyuza wengi wamejifunza kazi kwa kukaa nyuma ya prodyuza mwingine na kuangalia mkono wake. Ni shule nzuri, ila kasoro yake ni kwamba hata kauli ambazo hakuna aliyewahi kuzipima hurithiwa pamoja na ujuzi. Kwenye MIDI (maagizo ya kupiga noti yanayorekodiwa kwenye kompyuta), kauli za namna hiyo ni nyingi kuhusu kwantaizi, yaani programu kuzisogeza noti zikae kwenye mistari ya muda iitwayo gridi, na kuhusu tempo, yaani kasi ya wimbo.

“Bonyeza kwantaizi, makosa yote yanakwisha”

Kwantaizi haijui kosa ni lipi. Inaiona gridi uliyochagua, basi, na kila noti inaipeleka kwenye mstari ulio karibu nayo. Noti iliyochelewa kupita nusu ya nafasi hairudishwi mahali pake; inasukumwa mbele hadi mstari unaofuata, na hapo kosa limeshakuwa rasmi.

Chukua mdundo wa chakacha, wenye mwendo wa 6/8. Mtu anaupiga ndani ya projekti ya 4/4 kwa sababu ndiyo inayokuja programu ikifunguliwa. Anaupiga vizuri kabisa, kisha anaukwantaizi kwa 1/16, yaani gridi inayogawa kila robo noti mara nne. Tuseme programu inagawa robo noti kwa vipande vidogo 480 vya muda, viitwavyo tiki. Mapigo matatu yaliyo sawa ndani ya robo noti hukaa kwenye tiki ya 0, ya 160 na ya 320. Mistari ya 1/16 iko 0, 120, 240 na 360. Kwa hiyo pigo la pili linavutwa nyuma hadi 120 na la tatu linasukumwa hadi 360. Nafasi zilizokuwa 160, 160 na 160 sasa ni 120, 240 na 120. Huo si mdundo uliopigwa, na wala si mpigaji aliyeuharibu. Watu wanausikia, wanasema “kompyuta haiwezi ngoma za Pwani”. Inaziweza bila shida. Chagua gridi ya tripleti (mapigo matatu sawa ndani ya robo noti), ile inayoandikwa 1/8T, au anza na projekti ya 6/8 tangu mwanzo.

Tena si lazima uivute noti hadi mwisho wa safari. Programu karibu zote zina kiwango cha nguvu: ukiweka asilimia 50, noti iliyochelewa tiki 30 inabaki imechelewa 15. Kwa sauti ya gitaa inayopigwa kwenye kinanda, ambapo mkono umezipiga noti moja baada ya nyingine kuiga nyuzi, kwantaizi ya asilimia 100 huzikusanya noti zote zilie kwa wakati mmoja, na mpapaso wa gitaa ukapotea.

“Tempo 100 ni 100, uwe kwenye 4/4 au 6/8”

Kwenye faili la MIDI, tempo huandikwa kama idadi ya maikrosekunde ndani ya robo noti moja. 500,000 ni mapigo 120 kwa dakika, na faili lisiloandikwa tempo yoyote huchukuliwa kuwa na hiyo hiyo 120. Lakini mwanamuziki wa 6/8 hahesabu robo noti. Anahesabu mapigo mawili makubwa kwa kila baa, na kila pigo ni robo noti yenye nukta, yaani robo noti moja na nusu. Akikuambia wimbo wake ni 100, kwenye programu inayohesabu robo noti utaandika 150. Ukiandika 100 wimbo utaburura miguu, na utamsikia akilaumu kliki, ule mlio wa kuhesabia mapigo.

“Ukirekodi polepole kisha ukaongeza tempo, sauti itakuwa nyembamba”

Hii ilikuwa kweli kwa kanda. MIDI haina sauti ndani yake. Ni maagizo tu: noti gani, nguvu kiasi gani, ibonyezwe lini, iachwe lini. Rekodi kwa 60, cheza kwa 120, na noti hazipandi juu wala kushuka chini. Tena unapata faida: ukichelewa milisekunde 20 kwenye 60, kosa linabaki milisekunde 10 kwenye 120.

Tahadhari iko kwingine. Sauti ya mwimbaji iliyokwisha rekodiwa haifuati tempo mpya mpaka programu iivute au iibane. Na kifaa chenyewe hakibadilishi tabia zake kwa sababu wewe umebadilisha namba. Fidla za sinthi (kinanda cha kielektroniki) zinazochukua milisekunde 50 kupanda hadi sauti kamili hazina tatizo kwenye biti ya 90, ambako 1/16 moja ni kama milisekunde 167. Zipeleke kwenye singeli inayokimbia 240, ambako 1/16 ni milisekunde 62.5, na zitasikika zimechelewa hata kama kila noti iko juu ya mstari. Hapo kwantaizi haisaidii kitu. Fupisha mwanzo wa sauti, au sogeza traki nzima nyuma kidogo, ianze mapema.

“Amepiga bila kliki? Kwantaizi tu”

Sivyo. Kama mpigaji alianza na 96 akamaliza na 103, gridi iliyonyooka haimhusu, na kwantaizi itamrushia noti huku na huko. Kwanza itengenezwe ramani ya tempo: onyesha programu pigo la kwanza la kila baa liko wapi, ili gridi imfuate yeye. Ndipo ukwantaizi, kama bado kuna haja.

Hata tempo inayopungua taratibu mwishoni mwa wimbo, ndani ya faili la MIDI haipo kama mteremko. Ni ngazi: tempo mpya, halafu nyingine, halafu nyingine. Ngazi chache mno na sikio linazisikia.

“Kitufe cha kubahatisha kinarudisha ubinadamu”

Kitufe hicho huzisogeza noti ovyo, kwa hiyo kinarudisha fujo. Mpigaji mzuri hachelewi ovyo. Anachelewa mahali palepale, kila mara. Roger Linn, mbunifu wa mashine za ngoma, alilielewa hili mapema. Swingi ya mashine zake, kuanzia LM-1 ya 1980 hadi MPC60 ya 1988, huchelewesha kila 1/16 ya pili kwa kiasi kimoja unachokichagua: asilimia 50 ni mnyoofu, 66 inakaribia tripleti. Hakuna bahati nasibu hapo, na bado watu wanaisifu kwa kuchezeka. Ila kiasi cha 58 kilichonoga kwenye 90 usikihamishie tu kwenye 130. Asilimia ni ileile, milisekunde zimepungua, na sikio linasikia milisekunde.

“Nikikwantaizi traki, kila kitu kinasogea”

Mara nyingi zinasogea noti peke yake. Pedali ya piano, ambayo ni ujumbe namba 64, hubaki pale mguu ulipoiacha. Kodi (noti kadhaa zinazolia pamoja) ya pili ikivutwa nyuma ilie mapema, pedali inaweza kuwa bado imekanyagwa kutoka kodi ya kwanza, na kodi mbili zikachanganyika. Kabla ya kulaumu sauti ya piano, fungua mstari wa pedali utazame.